Risala kwa Mzee Kutu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mzee Kutu, shikamoo.

Sisi wamiliki wa magari yaliyokula chumvi nyingi, kutoka Kilosa mjini, Kimamba, Rudewa, Ulaya, Zombo mpaka Mikumi, tunakukaribisha chini ya mwembe huu kwa moyo mkunjufu. Tunajua makaribisho haya ni ya kutimiza itifaki tu, maana ulishafika kitambo. Hukuja na msafara wala king'ora. Umo ndani ya mlango wa kushoto wa ile Noah nyeupe iliyoegeshwa nyuma ya jukwaa, na umo chini ya sakafu ya Hiace inayopakia abiria wa Mikumi hivi sasa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe ulikuja na jembe lako mkononi, na siku ya kwanza hiyohiyo ukaanza kulima.

Hawatakosekana wa kunong'ona kwamba kukusifu ni kejeli. Wapuuze. Hii ni fani ya kale na yenye heshima zake. Lucian wa Samosata alimwandikia nzi sifa. Synesius, Mwafrika mwenzetu wa Kirene, katika nchi tunayoiita Libya leo, alisifu upara. Erasmus alichapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu mwaka 1511. Ikiwa nzi, upara na upumbavu wameshapata risala zao, ni aibu kwa wilaya yetu kwamba wewe, uliyewashinda wote kwa bidii ya kazi, hujasomewa hata ukurasa mmoja.

Na bidii hiyo tunaiona. Hudai posho ya safari. Huendi semina elekezi. Hungoji bajeti ipite Dodoma ndipo uanze utekelezaji, na umeme ukikatika wewe unaendelea. Gari la diwani, la mchungaji, la mganga wa kienyeji na la mwalimu aliyekopa mpaka kiinua mgongo chake, yote unayahudumia kwa usawa. Tutajie ofisi nyingine yenye rekodi hiyo.

Historia yako ni ndefu kuliko yetu. Chuma hakichimbwi kikiwa chuma. Hutoka ardhini kikiwa kimeshikana na oksijeni, yaani kikiwa ndugu yako wa damu. Mababu wa Buhaya waliyeyusha mawe hayo kwa makaa na mivukuto zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, wakaing'oa oksijeni kwa moto mkali. Tangu hapo kila kipande cha chuma kinatafuta njia ya kurudi kilikotoka, na wewe ndiye unayekisindikiza. Kule Liganga, wilayani Ludewa, hujasumbuliwa bado: chuma chetu tunakizungumzia miaka nenda miaka rudi, nacho kimelala salama ardhini, hakina tena pa kuharibika. Hata wekundu wa udongo wetu ni madini ya chuma yaliyoungana na oksijeni. Vumbi jekundu linaloingia kwenye milango yetu wakati wa kiangazi linakwenda kuwasalimia jamaa.

Tena wewe ni mkweli. Hapa Kilosa reli ya kati ina tawi linalopitia Mikumi hadi Kidatu, linakokutana na TAZARA, reli mbili zisizoweza kuazimana mabehewa kwa sababu moja ina upana wa milimita 1,000 na nyingine 1,067. Mtu akitaka kujua kama treni inapita, asiulize ratiba. Atazame kichwa cha reli. Kikipitiwa na magurudumu, kinang'aa. Kisipopitiwa, wewe unakipaka rangi yako ndani ya siku chache, bila kumwogopa msemaji wa shirika lolote.

Mahitaji yako ni madogo kuliko ya mgeni rasmi yeyote tuliyewahi kumwalika. Unataka mafiga matatu: chuma, maji na hewa. Likiondoka moja, chungu kinaanguka. Hewa hatuwezi kuiondoa. Chuma ndicho gari lenyewe. Kwa hiyo tumebakiwa na figa moja tu la kuchezea, nalo ni maji, na ni hapo hasa, Mheshimiwa, ukarimu wa watu wa Kilosa na Mikumi unapojidhihirisha.

Wasiojua huamini kwamba mlango wa gari hauingizi maji. Unaingiza, na waliouunda walilijua hilo. Kioo hupanda na kushuka katikati ya mikanda ya mpira, na mpira ukishakauka kwa jua, kila mvua maji huteremka na kioo yakaangukia tumboni mwa mlango. Ndiyo maana kiwandani hutobolewa matundu madogo kwenye ukingo wa chini kabisa, ili yaliyoingia juu yatokee chini. Gari lenye umri wa miaka 20 likinyeshewa leo, maji yatapita humo kama yalivyopita lilipokuwa jipya. Shida yote huanza yanapokosa pa kutokea, na kwa hilo tunaomba tupongezwe sisi.

Karibu kwenye mlango wa ile Noah. Ukiufunga kwa nguvu, maji yanasikika ndani, chwa, chwa, na dereva akikata kona abiria wa mbele huinama kutafuta chupa iliyosahaulika. Kava la ndani likitolewa, nusu ya klipu zake zinabaki ukutani zikiwa zimevunjika. Nailoni iliyokuwa ikizuia maji yasivuke upande wa abiria ilichanwa na fundi wa muziki alipokuwa akifunga spika, na hakuirudisha. Chini kuna tope laini, majani makavu ya mwembe, tiketi ya basi iliyogeuka uji na sarafu ya shilingi mia. Matundu yapo. Mawili yamejaa tope. La tatu limejazwa puti, likapigwa msasa, likapuliziwa rangi, na kwa kweli linapendeza. Tulifundishwa tangu shuleni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na fundi yule alikuwa mwanafunzi msikivu. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye gari mambo ni kinyume: ukiziba tundu, utajenga mlango.

Puti inastahili salamu zake. Wewe ukishaanza kazi upande wa ndani, unahitaji nafasi, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ulichokila. Rangi inanyanyuka, inaota malengelenge. Mwenye gari anashtuka, anakwenda kwa fundi bodi, naye anakwangua lengelenge, anapaka puti juu ya kidonda, anasugua, anapuliza. Gari linatoka linang'aa na wote wanaridhika, wewe zaidi ya wote, kwa sababu puti hufyonza unyevu na kuushikilia palepale ulipokuwa ukiuhitaji. Masika yanayofuata unatokeza sentimita tano pembeni. Fundi aliyechangamka zaidi hachukui puti. Yeye anachomelea kipande cha bati juu ya bati bovu, na katikati ya mabati mawili panabaki chumba kidogo chenye giza, kisicho na upepo wala tundu. Kwa mtu wa umri wako hiyo ni nyumba ya kustaafia.

Wapo wakorofi wanaotembea na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Wakienda kununua gari, wanaipitisha chini ya milango na pembeni mwa madigadi. Kwenye bati inang'ang'ania, kwenye puti inaanguka. Wengine hugonga kwa kifundo cha kidole: bati hulia, puti hujibu kwa sauti nzito isiyo na mwangwi. Watu hawa wanaharibu biashara yadini na tunaomba wasiigwe.

Usafi wetu ni wa kupigiwa mfano. Pale Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Tunduma, vijana wanaosha magari kwa presha hadi tairi zinameta. Mpira wa mlango unapigwa maji kwa karibu, hivyo yanapenya hata pale ambapo mvua ya Mungu isingefika. Kisha vioo vinapandishwa, milango inafungwa na gari linaachwa kivulini. Ndani, kapeti imelowa, na juu yake tumetandika mpira mgumu ili isichafuke. Viti bado vimevaa nailoni za kiwandani. Chini ya huo mpira kapeti haikauki mpaka kiangazi, na wewe unakaa humo umejifunika.

Madigadini nako tumekuwekea akiba. Tope la mbugani linajisokota kwenye mikunjo ya ndani, linakauka kwa nje na kubaki bichi kwa ndani. Mwembe huu unaotukinga jua unafanya sehemu yake pia. Majani yanaanguka kwenye bonde la chini ya waipa, yanaoza, yanaziba njia ya maji, na mvua ikija maji yanafurika na kupita upande wa dashibodi. Mwenye gari anaona miguu imelowa na anasema ni jasho la kiyoyozi, hata kama kiyoyozi chake kilikufa zamani.

Wilaya hii imekubariki na mizigo mizuri. Pikapu inapeleka mbolea ya chumvichumvi shambani, mfuko unapasuka, chembe zinaingia kwenye kona za kitanda cha nyuma na kuvuta unyevu hewani hata siku isiyo na mvua. Kesho yake inabeba mbuzi wa mnadani, na mkojo wa mbuzi unakamilisha yale mbolea iliyoyaanza. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kula kwako chuma ni kazi ya umeme mdogo unaotembea ndani ya tone la maji. Ndoo mbili za maji safi zingemwaga karamu yote hiyo. Lakini jioni kila mtu amechoka.

Mafuriko hatuyatanii. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maelfu ya wenzetu wa Kilosa wakakosa makazi, na reli ya kati ikasombwa kati ya hapa na Gulwe. Tunalotaka kusema ni dogo: gari lililozama huonekana zima likishaoshwa, kumbe tope la mto limejaa kwenye kila uwazi wa bodi lake, nalo huyashikilia maji kwa muda mrefu baada ya nyumba kukauka.

Wengine wanakudhania ni msomi wa hapahapa. La hasha, una shahada ya nje. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na kule kaskazini, Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Magurudumu huirusha chumvi hiyo chini ya gari, miaka na miaka. Wajapani hawafichi: kwenye karatasi ya mnada herufi S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula. Mnunuzi wetu anaipokea karatasi kwenye simu, anatafuta idadi ya kilomita, kisha anauliza kama redio inashika stesheni za nyumbani. Kenya waliamua kwamba gari lililozidi miaka 8 lisiingie. Sisi tunaheshimu wazee. Tunawaingiza, halafu tunawalipia ushuru wa uchakavu bandarini, kwa risiti. Hivyo asije mtu akakuita mhamiaji haramu.

Kuna kabila moja la magari lililojiona liko juu yako. Mwaka 1948, chuma kikiwa bado cha mgawo baada ya vita, Waingereza walitoa Land Rover yenye bodi ya aluminiamu, na hadi leo Mikumi utawasikia wazee wakiapa kwamba Land Rover haina kutu. Hukubishana nao. Uliingia kwenye chesisi, ambayo ni chuma, ukaanza kuila kutoka ndani, mahali tope linapoingia kwa matundu na kutoka kwa shida. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye maji, kwa mfano kwenye fremu za milango, aluminiamu ndiyo huliwa, inageuka unga mweupe. Ulipata msaidizi mwenye rangi nyingine, na wazee wanadhani ule unga ni vumbi la sembe.

Hapa jirani kuna Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964. Barabara kuu inaikata kwa takriban kilomita 50, na madereva wanatakiwa kupunguza mwendo kwa ajili ya twiga na nyati. Wewe una hifadhi yako ndani ya milango yetu. Haikutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, lakini hakuna jangili anayethubutu kuingia.

Mchango wako katika ajira haukadiriki: fundi bodi, fundi rangi, muuza puti, muuza msasa, mchomeleaji, na wale vijana wa mizani wanaonunua vyuma chakavu kwa kilo. Gari ulilomaliza kulila linakatwakatwa, linapelekwa kuyeyushwa na kurudi kwetu likiwa nondo. Nondo inaingia kwenye nyumba ya fulani, zege linapigwa jembamba kwa kubana saruji, maji yanapenya, na baada ya miaka kipande cha zege kinadondoka barazani na wewe unachungulia, mwekundu, mwenye afya. Wafaransa nao wanakujua. Mnara wao wa Eiffel uliomalizika 1889 wanaupaka rangi upya takriban kila miaka 7, kwa ajili yako tu. Hatujui kiongozi mwingine wa Kilosa anayetengewa fedha Paris.

Mheshimiwa, zipo changamoto.

Ya kwanza inatuhusu wote, na tunaomba uisikilize bila wapambe. Mkanda wa usalama umefungwa kwa bolti kwenye bati la chini, karibu na nguzo ya mlango, mahali unapopapenda sana. Ukishalila bati hilo, bolti inabaki na mkanda, na mkanda unabaki na abiria, lakini hakuna kinachobaki na gari. Rangi ya juu ni nzima na stika ya Nenda kwa Usalama iko kwenye kioo. Siku ya ajali ndiyo siku mkanda huo unapopimwa kwa mara ya kwanza.

Changamoto nyingine ni mtu mmoja. Yupo fundi, hatutamtaja, ambaye ameamua kukuchukia. Chombo chake ni njiti ya chelewa, aliyoichomoa kwenye ufagio wa mkewe. Anachutama mbele ya mlango, anapapasa ukingo wa chini kwa kidole mpaka anapata tundu, anaingiza njiti taratibu, anaizungusha. Spoku ya baiskeli anaikataa, eti inakwangua rangi ya ndani na kukufungulia mlango mwingine. Tope linatoka kwanza, zito, halafu maji ya rangi ya chai ya rangi yanamwagika kwenye vumbi na yeye anacheka peke yake. Baadaye anaweka mpira wa maji usio na presha, anasuuza kutoka ndani mpaka yanayotoka chini yawe meupe. Milango yote anaiacha wazi juani.

Huyu bwana hakubali kupaka oili chafu chini ya gari. Tulimwambia ndivyo walivyofanya babu zetu. Akajibu kwamba oili chafu ina asidi, inalainisha bushi za mpira, inashika vumbi, na mvua ikinyesha inaishia Mkondoa kwa wanaochota maji. Tukamletea lami ya kupaka chini, akauliza kwanza kama bati ni safi na kavu, kwa sababu lami ikipakwa juu ya tope au kutu inayafungia maji ndani. Yeye husugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kinaonekana cheupe, anapaka rangi ya kuzuia kutu, anasubiri ikauke, ndipo anafunika. Kwenye uwazi wa ndani anapuliza nta nyepesi inayotambaa kwenye maungio, halafu, huwezi kuamini, anarudi na njiti yake kuhakikisha nta haijaziba matundu. Bati lililooza analikata lote. Mkwaruzo mdogo hauachi mpaka mvua ifike. Anabadili mpira wa kioo kabla ya kupiga rangi, wakati kila mwenye akili anajua rangi ndiyo inayoonekana na mpira hauonekani.

Wateja wake ni wachache, na wanamlaumu kwamba gari likitoka kwake halina tofauti na lilivyoingia. Hilo linatupa matumaini.

Kwa hiyo maombi yetu ni haya. Wenye magari waendelee kuosha juu na kusahau chini. Wanaofunga madigadi ya mapambo waendelee kutoboa bati kwa skrubu kavu, bila tone la rangi kwenye tundu. Wanunuzi wakifika yadini wapige picha na boneti, wasiinue mpira wa sakafu wala kunusa kapeti, maana harufu ya ukungu husema mengi. Fundi yule apewe uhamisho, ikiwezekana apandishwe cheo na akalishwe ofisini, mahali pasipo na mifagio.

La mwisho ni zito. Masika yakiisha mwezi wa tano, asionekane mtu amefungua milango yote juani, kapeti ikiwa kwenye kamba ya nguo, matundu yamezibuliwa na majani ya chini ya waipa yametolewa kwa mkono. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja na haina gharama. Ikizoeleka, Mheshimiwa, itabidi uhame wilaya.

Tunaomba kuwasilisha.